Sahani ya Bi Geeta

"Tupu! Umenirudishia sahani yangu tupu! Umeiosha, umeifuta, umeitia kwenye mfuko wa plastiki, ukaniwekea mlangoni kama gazeti la bure!"

"Kwani ulitaka niirudishe chafu, Bi Geeta?"

"Bora chafu! Chafu ningejua imeliwa na binadamu. Hii imeliwa na nani? Na mashine?"

Zainab alikuwa amesimama upande wake wa ua, kanga kiunoni, kalamu sikioni, hasira zimeshampanda hadi kooni. Alitoka kuanika shuka moja tu, Jumapili asubuhi, arudi ndani kwenye vitabu vyake. Sasa shuka lilikuwa begani mwake linamtonea maji mgongoni, na chai aliyoiacha mezani bila shaka imeshafanya utando.

Nyumba za mtaa wa Kenton, huku ughaibuni, zimeshikana mbili mbili kama maharusi kwenye picha, ukuta mmoja wa watu wawili, na huko nyuma kwenye bustani kuna ua wa mbao usiozuia hata kikohozi. Bi Geeta, mjane wa Kigujarati aliyezaliwa Mombasa, na Zainab, mtoto wa Ng'ambo ya Unguja, walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka na miaka. Juu ya ua ule kimepita kila kinacholika: kachori, mikate ya kumimina, achari ya ndimu, uji wa Ramadhani, na birika zima la chai siku umeme ulipokatika. Na sheria ya ua ule, ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua, ni kwamba sahani haivuki tupu. Ukiletewa, unakula, unaosha, unangoja mpaka nawe upate cha kutia. Huna kitu? Tia ndimu mbili. Tia konzi ya sukari. Lakini tupu, hapana. Sahani tupu maana yake ni tumemalizana.

"Nina mtihani Alhamisi," Zainab alisema. "Sikupika. Nimekuwa nikila mkate mkavu kama mfungwa, hata mafuta ya kutia kikaangoni sina nafasi ya kuyachemsha. Unataka nikutilie nini, mkate mkavu?"

"Ungetia! Ningeula! Mtihani, mtihani, mtihani. Mlango wako ulikuwa hauna komeo, wewe. Jumapili mtu hapati hata pa kuvulia viatu. Sasa umebandika karatasi, watu wasibishe hodi. Kwa Kiingereza! Kwa watu wako!"

"Kweli hilo," ilisema sauti kutoka ua wa pili. "Mimi mwenyewe niliisoma nikarudi na bajia zangu."

Huyo alikuwa Parminder, Kalasinga wa Nakuru aliyehamia Kenton kutoka Southall. Alishika mkasi wa bustani mbele ya mwaridi uliokwisha kunyauka. Tangu ugomvi uanze alikuwa hajakata hata tawi moja.

"Parminder, hili halikuhusu."

"Mimi nakata maua yangu."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Zainab hakulisema. Si kwamba alikosa nafasi tu. Darasani, kwenye ile kozi ya jioni ya ukaunsela, kazi ya ushauri nasaha, aliyokuwa akiimalizia, walikuwa wamefundishwa habari ya mipaka. Mwalimu alisema zawadi ni kamba: ukiipokea umefungwa, na mtu aliyefungwa hawezi kumsaidia mwenziwe. Usile kwa mteja. Usichukue cha mteja. Usimpe mteja chako. Na Zainab, ambaye mara ya kwanza alianguka mtihani kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa mipaka, aliitazama sahani ya Bi Geeta imekaa juu ya sinki, akaona aanzie mazoezi nyumbani. Hivyo tu. Aliirudisha huku akijisifu moyoni, kama mtu aliyejizuia sigara.

Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo. Akatokeza Linus, Mkenya mmoja, nesi wa hospitali, mwanafunzi mwenziwe aliyekuja kumsaidia kufanya mazoezi. Asubuhi yote alikuwa akijifanya mteja mwenye hasira, lakini kwa upole wake wa Kikristo hasira ile ilitoka baridi, ilihitaji kupashwa moto.

"Dada Zainab," alinong'ona, macho yanamwaka. "Huyo ndiye! Huyo ni mteja kabisa! Wacha kumjibu. Fanya vile tulifunzwa. Mrudishie hisia zake."

Zainab akavuta pumzi. Akashusha shuka begani. Akapanga miguu yake sawasawa kwenye majani, akafungua viganja, akainamisha kichwa upande kidogo, vile vile kama kwenye picha ya kitabu.

"Bi Geeta," alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Nasikia kwamba una hasira."

Parminder akashusha mkasi.

"Unasikia?" alisema Parminder, kabla mwenye ugomvi hajawahi. "Southall wanasikia!"

"Na naona," Zainab aliendelea, kama mtu aliyepanda basi silo akaona haya kushuka, "naona jambo hili limekuwa zito kwako. Ungependa kuniambia zaidi?"

Sura ya Bi Geeta ikabadilika. Haikulainika. Alisogea mpaka kwenye ua, akazishika mbao kwa mikono miwili, na sauti yake ikashuka chini, na hapo ndipo Zainab alipoogopa, kwa maana Bi Geeta akipiga kelele ni salama.

"Maneno hayo nayajua," alisema. "Nimeshapewa. Pradip alipokufa daktari alinipeleka kwa kibinti mmoja huko kliniki, kina kiti cha kijani na saa ukutani nyuma ya kichwa changu, kinadhani sijui kinaangalia nini. Nikakiambia mume wangu amekufa. Kikasema, nasikia una huzuni. Nikakiambia silali. Kikasema, lazima ni vigumu. Nikakiambia kitanda kimekuwa kikubwa, naogopa upande wake. Kikasema, ungependa kuniambia zaidi? Zilipokwisha siku zangu kikanipa karatasi nikipe nyota, kama dereva wa teksi."

"Bi Geeta…"

"Ngoja. Wewe hukusikia kitu wakati ule, Zainab. Wewe uliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, ukasema, Bi Geeta, unanuka, nenda kaoge. Ukapika uji wa pilipili manga. Nikakutukana, ukanitukana, nikala. Nikasema, haya, bado kuna mtu duniani. Sasa umekwenda kusomea uwe kama kile kibinti."

Zainab akafungua mdomo. Bi Geeta akamwahi.

"Na muhogo ule niliokuletea kwenye sahani ile, unajua ulikuwa wa siku gani?"

Sasa Zainab alijua. Alijua kabla hajaambiwa, ikawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu: ni wiki ile ile, majani yanapoanguka, gari la wagonjwa lilipoziba njia yote ya mtaa.

"Ulikuwa wa mwaka wa Pradip, siku aliyofariki. Nilimkaangia muhogo wake, na chatne ya ukwaju, kama alivyopenda. Nikasema, nitapeleka nyumba moja tu, kwa Zainab, kwa sababu ndiye aliyenikalia matanga. Mlango umefungwa, nikakuachia juu ya ua, nikakuita, ukasema ahsante kutoka ndani. Nikatandika meza. Nikasema, atakuja na sahani, tutakaa, tutamsema Pradip, tutamcheka." Aliziachia mbao. "Sahani ikaja. Zainab hakuja."

Akaingia ndani. Mlango aliufunga kwa kishindo hata kioo cha jikoni kwa Zainab kikatetema.

Parminder alikunja mkasi wake. "Mimi," alisema taratibu, "nilitaka kukutetea. Lakini hapa, dada, sina pa kushika."

*

"Ulianza vizuri," Linus alisema jikoni. "Kichwa kilikaa sawa. Ila sauti ilipanda, na hukuacha ukimya wa kutosha katikati."

"Linus."

"Sema."

"Ukiendelea nitakupiga na birika hili."

Linus akavuta kiti akakaa. Zainab akaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi. Alikiosha kwa nguvu, kama kilichomkosea. Hasira zilikuwa nyingi na kila moja ilitaka kutoka kwanza: hasira kwa Bi Geeta aliyemwaibisha mbele ya Parminder, maana kufika jioni habari zitakuwa Southall, na kesho Stanmore, hasira kwa mwalimu na kamba zake, na hasira kubwa kuliko zote, kwa nafsi yake mwenyewe, ambazo hakutaka kuzitazama bado.

"Mara ya kwanza," alisema bila kugeuka, "waliniletea mtihanini yule mwigizaji wao, anajifanya mteja mjane. Akalia. Linus, analia kweli, machozi yanatoka! Nikainuka nikamkumbatia. Nikamwambia Mungu yupo. Nikamwambia habari za shangazi yangu. Nikamwambia ale, asilale na njaa. Wakaniangusha. Wakaandika kwamba nimemnyang'anya mteja nafasi yake. Haya, nikajifunza. Nikawa gogo. Nikafunga mlango, nikafukuza watu, nikawa nasema nasikia, nasikia, nasikia, mpaka nimemsikia jirani yangu akaingia ndani kulia. Sasa wanataka nini hawa? Niwe mtu au nisiwe?"

Linus alizigeuza geuza kadi zake za maswali. Si mtu mbaya, Linus. Na alichokisema hakikuwa cha kijinga.

"Dada, yule mama anakupenda, ndiyo maana anakutukana. Lakini wale wateja hawakujui. Mtu usiyemjua akikuambia ukaoge utasikiaje? Mwingine alimaliza nguvu zake zote kuja tu kwenye hicho kiti. Ukimwingilia na uji wako, anakimbia. Hiyo mipaka si ya wazungu peke yao. Na Alhamisi ukimkumbatia tena mwigizaji, umekwisha. Hakuna mara ya tatu."

Hakuna mara ya tatu. Hilo Zainab alilijua kuliko yeye. Miaka kadhaa alikuwa mkalimani kwenye kituo kimoja cha wanawake, na kazi ya mkalimani ni kuwa bomba: maneno yapite, wewe usibaki na kitu. Alikaa katikati ya mwanamke wa Kongo anayesema "nimechoka roho" na daktari anayeandika "hapati usingizi." Alikaa katikati ya bibi wa Kibajuni anayeeleza kuhusu mwanawe aliyezama, na kijana mwenye tai anayeuliza kama amejaribu kutembea bustanini. Haruhusiwi kusema, sivyo, hukumwelewa. Alipitisha, akaenda nyumbani, akajaza nyumba watu ili asisikie kichwa chake. Mkubwa wa kituo alimwambia: pata cheti, Zainab, uandikishwe kama kaunsela, kiti kile kitakuwa chako, wanawake watakaa mbele yako na hakutakuwa na bomba. Bila mtihani wa Alhamisi, basi atabaki bomba mpaka azeeke.

"Nenda nyumbani, Linus," alisema. "Na kadi zako. Utarudi nikipoa."

"Utapoa lini?"

"Sijui! Nenda!"

Jioni alikwenda kwa Bi Geeta kubisha hodi. Ndani, televisheni ikaongezwa sauti. Kesho yake akabisha tena, ikaongezwa zaidi. Kisha ikawa anakaa na kitabu upande wake wa ukuta, anasoma habari za kuvunjika kwa uaminifu kati ya mteja na mshauri, na upande wa pili tamthilia ya Kihindi inapiga mayowe kana kwamba nayo imetumwa kumkomoa.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa na viti viwili, sanduku la tishu lililotegwa kama mtego wa panya, na watahini wawili pembeni: mwanamume mwenye ndevu na mwanamke aliyening'iniza miwani kwa mnyororo. Mwigizaji aliingia, mama wa Kizungu wa makamo mwenye koti la mvua, na kabla hajakaa vizuri akaanza.

"Wiki iliyopita nilikuja kwako! Tuliahidiana! Nikasimama mlangoni na mvua inaninyeshea, nikabonyeza kengele, nikabonyeza, na wewe hukuwepo!"

Hilo ndilo igizo: kaunsela amesahau siku ya mteja wake. Zainab aliwatupia macho watahini. Walimjuaje? Kisha hasira zikampanda, hasira za kweli, mbele ya mwanamke asiyemjua anayelipiwa kumkasirikia. Alitaka kusema nilikuwa na mambo mengi. Alitaka kusema na wewe ungepiga simu kwanza. Halafu ile sentensi ikaja yenyewe ulimini, imepigwa pasi, iko tayari: nasikia kwamba una hasira.

Akaimeza. Ilishuka kama mwiba wa samaki.

"Sikuwepo," alisema. "Uliahidiwa, na mimi sikuwepo. Nilikosea."

Akaishia hapo. Hakueleza. Lo, ilivyokuwa kazi kutokueleza! Mwanamke yule alingoja udhuru aupige teke, hakuupata, akaendelea kufoka: watu kama nyinyi, kazi yenu maneno, mnajua mtu anapitia nini mpaka afike mlangoni? Zainab akamwacha afoke. Hakuinamisha kichwa upande. Hakutazama saa. Mikono ilimwasha ikitaka kumshika yule mtu bega, akaikalia, kweli aliikalia, chini ya mapaja kama mtoto wa chuoni. Linus alikuwa na haki yake. Huyu si Bi Geeta.

Kelele zilipopungua, aliuliza, "Siku ile ilikuwa siku gani kwako?"

Mwigizaji akakwama. Ilionekana wazi kwamba kwenye maelezo aliyopewa hilo halikuwemo. Aliwatazama watahini, hawakumsaidia. Akamrudia Zainab, na sauti iliyotoka safari hii ilikuwa ndogo. "Ilikuwa siku ambayo nilikuwa nimejikaza niseme jambo," alisema. "Nilifanya mazoezi njia nzima."

Zainab akaitikia kwa kichwa polepole. Wakakaa. Ukimya ulikuwa mrefu, na haukuwa wa kitabuni.

Kisha, Mungu amsamehe, likamponyoka: "Na ulipoondoka mlangoni kwangu, ulikula na nani?"

Yule mama wa miwani akaandika kitu kirefu.

"Peke yangu," alisema mwigizaji. Na hapo ndipo alipoanza kusema.

Walimwita baadaye kwenye chumba kidogo. Amefaulu, mwenye ndevu alisema, lakini kwa shida. Hakuitaja hisia ya mteja kwa jina lake hata mara moja. Na lile swali la chakula, mama wa miwani aliongeza akitabasamu, wanadhani limetokana na mahitaji ya Zainab mwenyewe kuliko ya mteja. Anapaswa alitafakari hilo.

"Nitalitafakari," Zainab alisema kwa meno.

Alishuka ngazi amefaulu na bado anatamani kuvunja kitu. Mahitaji yake mwenyewe! Mtu amekula peke yake, na kuuliza ni kosa! Alitarajia furaha, akaipata kidogo, kama chumvi chini ya kopo. Nyingine yote ilikuwa hasira. Na kwenye basi, katikati ya wanafunzi na mikoba, akaona hasira zile hazina pa kwenda ila mahali pamoja.

*

Kwanza aliibandua ile karatasi mlangoni. Iling'ang'ania, akaitoa kwa kucha.

Kisha akaumua unga. Karai alilolitumia ni lile alilolitenga tangu zamani kwa ajili ya Bi Geeta asiyekula nyama, halijaguswa na nyama wala samaki, wala mgeni yeyote haruhusiwi kulisogelea. Akakaanga kaimati, akazitia shira ya iliki. Pradip, Mungu amweke pema kwa dini yake, alikuwa akizila kaimati zile amesimama nyuma ya ua, huku Bi Geeta akidhani anamwagilia nyanya.

Zilipokuwa tayari akatafuta sahani ya jirani yake azitie. Akakumbuka. Hakuwa na sahani ya jirani. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mtaa ule, kabatini mwake hakukuwa na chombo hata kimoja cha Bi Geeta. Alisimama mbele ya kabati wazi, na kule kukaa kwake bila deni la sahani kukamwuma kuliko matusi yote ya Jumapili.

Akachukua sahani yake mwenyewe, ile ya maua ya bluu ya arusi yake. Hakupita nyuma. Alizunguka mbele, kama mgeni, akabonyeza kengele.

Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo. Jicho moja, miwani, nywele nyeupe.

"Nani?"

"Unaniona, Bi Geeta."

"Naona mtu wa mtihani. Umekuja kunisikia?"

"Nimekuja kutukanwa. Jumapili ulifunga mlango hujamaliza."

"Sijamaliza! Nani kakwambia nimemaliza?" Na mnyororo ukiwa pale pale, Bi Geeta akaanza alipoachia. Alimwambia ana kiburi. Alimwambia amekuwa Mzungu mweusi. Alimwambia hata marehemu mama yake huko Ng'ambo angeona haya. Alimwambia uji wake wa pilipili manga siku zote huwa na mabonge.

"La mabonge nakataa!" Zainab alifoka. "Kiburi sawa, Mzungu sawa, lakini uji wangu hauna mabonge!"

"Una mabonge! Niliyala kwa sababu nilikuwa mfiwa!"

"Basi ungesema!"

"Ningesemaje, wewe hufungi mdomo!"

Waliendelea hivyo, na aliyepita njiani angedhani aite polisi. Miguu ilimwuma Zainab, shira ilianza kuganda pembeni mwa sahani. Mwishowe pumzi zikawaishia wote wawili.

"Nilisahau siku ya Pradip," Zainab alisema. "Mimi, niliyekuwepo. Sina la kujitetea."

Bi Geeta aliinamisha miwani. Aliitazama sahani.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Ya arusi yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sasa na mimi itabidi nikurudishie na kitu ndani."

"Ndiyo maana nimeileta."

Mnyororo ukalia, ukaanguka. Mlango ukafunguka, na harufu ya mafuta ya moto na bizari ikatoka nje mpaka kwenye ngazi.

"Umefaulu?"

"Kwa shida. Wamesema nimeuliza habari za chakula."

"Wajinga," alisema Bi Geeta. Akachungulia barabarani juu ya bega la Zainab. Parminder alikuwa ameinama kwenye kichaka cha mbele, mkasi mkononi, shingo imerefuka. "Na wewe Parminder! Hicho kichaka kimekufa, acha kukitesa! Njoo!" Kisha akamgeukia Zainab, bado amekunja uso, akampokea sahani kwa mikono miwili.

"Vua viatu. Muhogo uko jikoni, unapoa. Ingia ule."